Divai ya Sagrantino: Ukakasi ni mwingi, lakini je, ni dawa ya moyo?

NI swali ninaloulizwa karibu kila juma, hasa na wanaume waliovuka umri wa miaka arobaini ambao wameambiwa kwa mara ya kwanza kwamba shinikizo lao la damu liko juu: "Daktari, si wanasema divai nyekundu ni nzuri kwa moyo?" Wengine hata hawaulizi. Wameshapata jibu kwa rafiki, au wamelisoma kwenye simu, na huja tu kunijulisha kuwa wameacha bia na kuhamia divai, kana kwamba wameanza matibabu mapya.

Hivi majuzi mzee mmoja alinijia na divai fulani aliyoijua hata kwa jina. Mwanawe aliyerudi kutoka Italia alikuwa amemletea katoni nzima, akamweleza kwamba hiyo ndiyo divai yenye "dawa" nyingi kuliko zote. Jina lake Sagrantino. Basi mzee alikuwa amepunguza vidonge vyake vya presha, akawa anameza siku moja na kuruka siku moja, na pengo hilo akilijaza kwa glasi mbili kila jioni. Siku aliyokuja kwangu kipimo kilisoma 178 kwa 104, na alikuwa akilalamika kuumwa na kisogo. Tulirudi kwenye vidonge siku hiyo hiyo, kila siku bila kuruka, na baada ya majuma kadhaa bila divai kipimo kilishuka hadi mahali ambapo mimi na yeye tuliweza kulala usingizi.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu mwanawe hakumdanganya kabisa. Aliyoyasema yana ukweli ndani yake, na ukweli wa nusu ndio unaotusumbua zaidi sisi madaktari. Kwa hivyo acha nieleze divai hii ni nini hasa, inatoka wapi, na ni kitu gani kilichomo ndani yake ambacho watu wanakiita dawa.

Sagrantino ni jina la zabibu kabla ya kuwa jina la divai. Zabibu hii hukuzwa katika eneo dogo la jimbo la Umbria, katikati ya Italia, jimbo ambalo halipakani na bahari upande wowote. Makao yake makuu ni Montefalco, mji mdogo wenye kuta za kale uliojengwa juu ya kilima, kiasi cha mita 470 juu ya usawa wa bahari. Jina la mji huo lina maana ya mlima wa kozi, yule ndege wa kuwinda. Kutoka juu ya kuta zake mtu huweza kuliona bonde zima, na ndiyo maana Waitaliano huuita roshani ya Umbria. Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko ambao Wakatoliki wetu wengi wanaujua kwa sifa, hauko mbali. Katika kanisa la Mtakatifu Fransisko pale Montefalco, ambalo leo ni jumba la makumbusho, mchoraji Benozzo Gozzoli alichora maisha ya mtakatifu huyo ukutani mwaka wa 1452.

Kuhusu asili ya zabibu yenyewe kuna masimulizi mengi. Wako wanaosema kwamba watawa wa Fransisko ndio walioileta kutoka nchi za Mashariki, na wako wanaodai ilikuwapo hapo tangu enzi za Warumi. Jina lake huhusishwa na neno la Kiitaliano lenye maana ya sakramenti, kwani divai yake tamu ilitumika katika ibada na kunywewa katika sikukuu. Zaidi ya hayo ni hadithi tu. Lililo wazi ni kwamba nje ya vilima hivyo vya Montefalco na vijiji jirani kama Bevagna, Gualdo Cattaneo, Castel Ritaldi na Giano dell'Umbria, zabibu hii haikujulikana sana kwa karne nyingi.

Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa karibu kutoweka kabisa. Mkulima ana hesabu zake, na Sagrantino ni mmea mgumu: haitoi mazao mengi, vishada vyake ni vidogo, na inachelewa kuiva hata mavuno yake huingia mwezi wa Oktoba, wakati ambapo mvua inaweza kuharibu kila kitu. Vijana walikuwa wakihamia mijini kutafuta kazi viwandani. Mizabibu michache iliyobaki ilikuwa katika mashamba ya wazee wasiotaka kuing'oa, na mingine ndani ya kuta za mji, katika bustani za nyumba na za watawa.

Waliobadilisha mambo ni wakulima wachache wa hapo hapo na mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Arnaldo Caprai, aliyenunua shamba karibu na Montefalco mwaka wa 1971. Mwanawe, Marco, alichukua usukani mwaka wa 1988 na kuwaita wataalamu wa Chuo Kikuu cha Milano waje kuichunguza zabibu hii, kuchagua miche bora na kutafuta njia ya kuutuliza ukali wake. Mwaka wa 1979 serikali ya Italia ilikuwa tayari imeilinda divai hii kisheria, na mwaka wa 1992 ikaipandisha hadi daraja la juu kabisa la divai za nchi hiyo. Chini ya kanuni zake, Sagrantino ya Montefalco lazima itengenezwe kwa zabibu hiyo pekee bila kuchanganywa, na haiwezi kuuzwa kabla ya kukaa miezi 37, na katika muda huo isiyopungua 12 iwe ndani ya mapipa ya mbao. Divai nyingine ya hapo iitwayo Montefalco Rosso ni tofauti. Hiyo hutokana zaidi na zabibu ya Sangiovese, na Sagrantino hutiwa kidogo tu kuiongezea nguvu. Msomaji atakayekutana na chupa hizo mbili dukani asidhani ni kitu kimoja.

Mbona ikae miaka mitatu yote? Hapo ndipo tunapofikia kiini cha mambo.

Aliyewahi kuuma bibo ambalo halijaiva vizuri, au ndizi mbichi, anajua jinsi kinywa kinavyokauka ghafla na ulimi ukawa kama umefunikwa kwa kitambaa. Sisi tuna neno zuri kwa hali hiyo: ukakasi. Ukakasi si uchungu kama wa shubiri, wala si ukali kama wa ndimu. Si ladha hata kidogo, bali ni mguso. Husababishwa na kemikali za mimea ziitwazo tanini. Mate yetu yana protini zinazofanya kinywa kiteleze, na tanini inapoingia huzishika protini hizo na kuziganda pamoja, hata kinywa kikapoteza utelezi wake. Mmea hujitengenezea tanini kwa ajili ya kujilinda dhidi ya wanyama, wadudu na kuvu. Wakulima wa mtama mwekundu wanalijua jambo hili vyema, maana ndege huuacha mtama wenye tanini nyingi wakakimbilia mweupe wa jirani. Chai ya rangi iliyoachwa majani kwa muda mrefu nayo hukakasa kwa sababu iyo hiyo.

Katika zabibu, tanini hukaa kwenye ganda na kwenye mbegu. Divai nyeupe kwa kawaida hutengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyokamuliwa na kutengwa na maganda mapema, ndiyo maana ukakasi wake ni mdogo. Divai nyekundu huchachuka pamoja na maganda na mbegu kwa siku nyingi, na humo hupata rangi yake na tanini yake. Sasa Sagrantino ina ganda nene, punje ndogo, na tanini ya ajabu. Vipimo vya maabara huiweka miongoni mwa zabibu zenye tanini nyingi kuliko zote zinazolimwa Italia. Ikinywewa ingali changa hukaza ufizi hata anayeinywa akatamani maji. Mapipa na miaka huzifanya chembe za tanini ziungane, nyingine zikatua chini ya chupa, na ukakasi ukapungua. Hata baada ya miaka hiyo, hii si divai ya kunywa peke yake kama soda. Huko kwao huliwa pamoja na nyama ya nguruwe mwitu, kondoo wa kuchoma au jibini kuukuu, kwani mafuta na protini za chakula huishika tanini kabla haijaufikia ulimi.

Wazee wa Montefalco walikuwa na ufumbuzi wao, tena wa werevu. Hadi miaka ya 1970 Sagrantino iliyojulikana ilikuwa tamu. Vishada vilianikwa juu ya mikeka ya matete au vichanja kwa muda wa miezi miwili au zaidi hadi zabibu zikanyauka, maji yakapungua na sukari ikabaki. Divai iliyotoka hapo ilibaki na sukari nyingi, na utamu ulifunika ukakasi. Ilikuwa divai ya Pasaka, ikinywewa kidogo kidogo na mwanakondoo. Aina hiyo, iitwayo passito, bado hutengenezwa. Wenye kisukari waikumbuke vizuri: ina sukari isiyopungua gramu 80 katika kila lita, yaani glasi ndogo ya mililita 100 ina vijiko viwili vya chai vya sukari, mbali na kileo chenyewe.

Na hilo ndilo lililonishangaza zaidi niliposoma habari za divai hii. Wale waliokuwa nayo kwa vizazi vingi hawakuwa wakiinywa kila jioni kwa ajili ya moyo. Walikuwa wakiinywa katika sikukuu.

Tanini ni moja tu ya ukoo mkubwa wa kemikali za mimea ziitwazo polifenoli. Ndizo zinazosemwa kuwa "dawa" ya divai nyekundu, na ndizo alizozizungumzia yule kijana aliyemletea baba yake katoni. Sifa hii ilianza kuvuma mwezi wa Novemba 1991, pale kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilipoeleza kwamba Wafaransa hula siagi na jibini kwa wingi lakini hufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko Wamarekani, na kwamba huenda siri ni divai yao nyekundu. Mwaka uliofuata mwanasayansi Mfaransa Serge Renaud na mwenzake waliandika hoja hiyo katika jarida la udaktari la The Lancet. Mauzo ya divai nyekundu huko Marekani yalipanda ghafla. Tangu hapo habari hiyo haijapoa.

Baadaye lawama, au tuseme sifa, ikaangushiwa kemikali moja iitwayo resveratroli, iliyomo kwenye ganda la zabibu. Mwaka wa 2006 watafiti waliwapa panya wanene resveratroli, na panya hao wakaishi muda mrefu kuliko wenzao waliokula chakula hicho hicho bila hiyo dawa. Magazeti yakashangilia. Lakini tufanye hesabu. Panya wale walipewa takriban miligramu 22 kwa kila kilo ya uzito wao kila siku. Mtu wa kilo 70 akitaka kipimo hicho anahitaji zaidi ya miligramu 1,500. Divai nyekundu ikiwa na miligramu 5 katika lita moja tutasema ina nyingi. Gawanya mwenyewe: ni lita 300 kwa siku. Hata Noa wa kwenye Biblia angeshindwa.

Isitoshe, mwaka wa 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani kilitangaza kuwa uchunguzi wake umegundua udanganyifu katika sehemu 145 za kazi za mtafiti wake mmoja aliyekuwa akisifu resveratroli na moyo. Hilo halina maana kwamba wote walidanganya. Lina maana kwamba baadhi ya nguzo za nyumba ile zilikuwa za karatasi.

Utafiti ulionigusa zaidi ulifanywa Italia kwenyewe, katika vilima vya Chianti huko Toscana, jimbo linalopakana na Umbria. Watafiti walichukua mkojo wa wazee 783 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wakapima mabaki ya resveratroli waliyoipata katika chakula na vinywaji vyao vya kila siku. Kisha wakawafuatilia kwa miaka tisa. Wazee 268 walifariki katika kipindi hicho. Je, waliokuwa na resveratroli nyingi mkojoni waliishi zaidi, au walipata ugonjwa wa moyo au saratani kwa uchache? La. Hapakuwa na tofauti. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2014.

Wengine wakasema basi tuiache resveratroli, tutazame tanini zenyewe. Hoja hii ina uzito zaidi, nami siidharau. Mwaka wa 2006 mtafiti Roger Corder wa London na wenzake walionyesha kwamba kemikali za jamii ya tanini ziitwazo prosianidini huisaidia mishipa ya damu kutanuka, na kwamba zilikuwa nyingi zaidi katika divai za sehemu mbili ambako watu huishi muda mrefu: kusini-magharibi mwa Ufaransa na jimbo la Nuoro katika kisiwa cha Sardinia. Hapa ndipo mashabiki wa Sagrantino wanapopata nguvu, kwani kama tanini ndiyo dawa, basi hii ndiyo mama yao. Hata hivyo watu wa milima ya Sardinia hutembea sana, hula maharagwe na mboga, na huishi karibu na jamaa zao hadi uzeeni. Ukikuta jogoo na alfajiri pamoja kila siku, usiseme jogoo ndiye aliyeleta jua.

Kwa maoni yangu, jaribio lililolikata jambo hili vizuri ni la Barcelona, Uhispania, lililochapishwa mwaka wa 2012. Wanaume 67 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo walipewa, kwa zamu za majuma manne manne, divai nyekundu ya kawaida, divai nyekundu iliyotolewa kileo, na pombe kali ya jini. Waliponywa divai isiyo na kileo, shinikizo lao la juu lilishuka kwa takriban pointi 6 na la chini kwa pointi 2. Waliponywa divai ya kawaida, yenye polifenoli zile zile, upungufu ulikuwa mdogo usiotegemeka. Jini haikushusha chochote. Msomaji ameona? Kilicho na faida kilikuwa tunda. Kileo kilikuwa kikiila faida hiyo.

Na kileo katika Sagrantino si kidogo. Kanuni zinataka kisipungue asilimia 13, lakini chupa nyingi husoma 14.5 au 15, na nyingine hupita hapo. Glasi moja ya mililita 150 yenye asilimia 15 ina gramu 18 za kileo. Chupa ya bia ya kawaida ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina gramu 17. Kwa hivyo anayesema "mimi siku hizi sinywi pombe, nakunywa glasi mbili tu za divai" amekunywa zaidi ya bia mbili. Chupa nzima ya mililita 750 ina gramu 89, sawa na bia tano na zaidi, na hiyo huisha haraka sana mbele ya watu wawili na runinga. Mzee wangu na glasi zake mbili za kila jioni alikuwa akitumia gramu 250 kwa juma. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2018, uliokusanya habari za wanywaji karibu 600,000 kutoka nchi tajiri, ulionyesha kwamba hatari ya kufa huanza kupanda mtu akivuka gramu 100 hivi kwa juma.

Kileo hupandisha shinikizo la damu. Hili halina ubishi, na haijalishi kimetoka kwenye zabibu, shayiri au mnazi. Hufanya mapigo ya moyo kwenda ovyo, hasa baada ya unywaji wa mwisho wa juma. Huchosha ini. Tangu mwaka wa 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeviweka vinywaji vya kileo katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Miongoni mwazo ni saratani ya matiti, ya ini na ya umio, na hii ya mwisho tunaijua mno hapa Kenya, hasa sehemu za magharibi na Bonde la Ufa. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya.

Waitaliano wenyewe hawakungoja kuambiwa. Mnamo mwaka wa 1970 walikuwa wakinywa zaidi ya lita 100 za divai kwa kila mtu kwa mwaka. Leo hawafikii hata nusu ya hapo.

Kuna pia suala la dawa. Anayemeza vidonge vya kisukari vya jamii ya glibenklamidi, au anayejidunga insulini, anaweza kuishiwa sukari mwilini usiku akinywa divai bila kula, na jamaa wakadhani amelewa tu, wakamwacha alale. Hilo limeua watu. Anayetumia dawa za kifua kikuu au paracetamol kwa wingi analitwika ini mizigo miwili. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asicheze na kileo. Dawa za kifafa na za usingizi hazipatani nacho, na metronidazoli, ile ya amiba ambayo wengi hununua bila cheti, nayo imeandikwa onyo hilo hilo. Mama mjamzito asiguse kabisa, iwe Sagrantino au ya madhabahuni.

Wapo wanaolalamika kwamba divai nyekundu huwaumiza kichwa hata kwa glasi moja. Lawama nyingi huangushiwa salfaiti, kemikali ya kuhifadhi, ingawa matunda makavu huwa na salfaiti nyingi kuliko divai (mwenye pumu ajihadhari nazo kote kuwili). Mwaka wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walileta wazo jipya. Katika ganda la zabibu nyekundu kuna polifenoli iitwayo kwasetini, ambayo huongezeka zabibu zinapopigwa na jua sana. Mwilini hugeuka kuwa kitu kinachozuia kimeng'enya cha kuvunjavunja sumu inayotokana na kileo, sumu ikabaki kwenye damu na kichwa kikagonga. Walilionyesha jambo hilo maabara, na kwa watu bado linachunguzwa. Lakini angalia kinaya kilichopo: hapo polifenoli, iliyosifiwa kuwa dawa, ndiyo mshukiwa.

Tanini ina upande mwingine unaowahusu hata wasiotia pombe mdomoni. Jinsi inavyozishika protini za mate, ndivyo inavyoyashika madini ya chuma yaliyo katika sukuma wiki, maharagwe na ndengu, yakapita tumboni bila kufyonzwa. Chai kali inayonywewa pamoja na chakula hupunguza sana chuma kinachoingia mwilini. Kwa mwanamume mwenye damu ya kutosha hili si neno. Kwa mama mjamzito, msichana anayepata hedhi nzito, au mtoto ambaye amezoeshwa chai na mkate asubuhi na jioni, ni jambo la kupimwa damu. Nawashauri waiache chai hadi saa moja baada ya kula, na chakula kisindikizwe kwa chungwa au nyanya mbichi, kwani vitamini C hukisaidia chuma kuingia.

Anayetaka polifenoli bila gharama ya chupa ya Italia, wala madhara yake, anazo sokoni: zambarau wakati wa msimu, vitunguu vyekundu, maharagwe mekundu, kunde, mtama mwekundu wa uji, zabibu zenyewe za kutafuna pamoja na ganda lake. Chai, ikinywewa katikati ya mlo mmoja na mwingine, ni hazina kubwa ya polifenoli tunayoilima wenyewe kule Kericho na Limuru.

Simwambii mtu mzima mwenye afya, ambaye ameletewa chupa ya Sagrantino kwa arusi ya binti yake, aimwage. Naamini ni kazi ya mikono ya watu waliokataa kuing'oa mizabibu ya babu zao, na inastahili heshima yake. Aifungue saa moja au mbili kabla ya mlo, aigawe kwa watu sita, ailetee mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta kidogo, na asiendeshe gari. Ambaye hajawahi kunywa pombe asianze kwa ajili ya moyo, wala asishawishiwe na daktari yeyote kuanza.

Nimalizie na vidonge. Siku hizi maduka ya dawa mjini huuza vidonge vya resveratroli na vya mbegu za zabibu, tena kwa bei inayoweza kununua dawa halisi ya presha ya miezi kadhaa. Hakuna ninachoweza kukisoma kinachonishawishi kuviandika kwenye cheti. Vingine huweza kugongana na dawa za kuzuia damu kuganda. Ikiwa unavitumia, usimfiche daktari wako kwa kuona aibu. Beba kichupa chenyewe, pamoja na vidonge vyako vyote vya presha na kisukari, uviweke juu ya meza yake siku ya kliniki ili ahesabu vilivyobaki.